Kofia ya Jua Lililong'atwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliwasha jua bila kuni na akaupunguza mwezi bila kuupoteza, akatupa macho ya kuziona ishara zake na vidole vya kujitafutia riziki ya halali. Sala na amani zimfikie Mtume wetu, watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Nikishamshukuru Mola wangu, nataka kuandika habari ya kofia moja niliyoianza Riyadh na kuimalizia Jedda, miaka ile ya neema ya mafuta. Wajukuu wananiuliza mambo ya zamani na mengi nimeyasahau. Hili sijalisahau.

Nilianza kushona kofia Unguja nikiwa na miaka tisa. Tulipohama baada ya sitini na nne, baba yangu alibeba vitabu vyake vya dini na mama alibeba sindano, na tukafikia Jedda, mtaa wa Al-Hindawiyah, ambako watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kujaa. Baba alisomesha, nasi wanawake tukashona. Kwetu kofia ya mkono haishonwi na mtu mmoja. Mmoja huchora nakshi kwa penseli juu ya bafta nyeupe. Mwingine hutoboa vitobo kimoja kimoja kwa sindano nene na kukizungushia uzi kila kimoja kisifumuke. Halafu kazi humwendea wa mwisho, anayeunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni, akapiga pasi, akakagua. Wa mwisho wetu alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Jicho lake lilikuwa kali kupita la mtu yeyote niliyemjua. Kitobo kikipungua katika safu, yeye hukiona kabla hajavaa miwani, na hukirekebisha bila kumtangaza aliyekosea. Kwa hilo tulimheshimu sana.

Mafuta yalipopanda bei, nchi nzima ikawa inajengwa kwa pamoja. Mume wangu alipata kazi ya kutunza ghala Riyadh, kule Al-Sulay, nasi tukahamia vyumba viwili nyuma ya ghala lenyewe. Kazi yangu ya vitobo sikuiacha. Nikimaliza, naifunga ndani ya mfuko na kumpa dereva mmoja wa Mombasa aliyekuwa akishusha saruji kwetu, naye humfikishia wifi Jedda. Wifi hakupenda kuandika barua. Tulitumiana kanda za kaseti, na mara nyingine nilizisikiliza mara tatu kwa ajili ya kusikia tu jinsi anavyowasema majirani.

Ghala la jirani lilikuwa la Wakorea. Msimamizi wao wa nondo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mfupi, mwenye mabega mapana, na alikuwa amesilimu mwaka uliotangulia. Alimwendea mume wangu amfundishe kusoma, mume wangu akamwambia, "Mwalimu yuko ndani." Basi ikawa kila Ijumaa baada ya Alasiri anakaa chumba cha mbele na mume wangu, mlango wazi, na mimi nyuma ya pazia namsomesha Alhamdu na sura fupi. Tulizungumza Kiarabu cha ghalani, kile cha mafi, yaani hakuna, na halas, yaani basi, na tulielewana. Herufi moja ikimshinda aliirudia hata mume wangu akasinzia. Sikuwahi kupata mwanafunzi mvumilivu kama yule.

Siku moja mwezi wa Rajabu alikuja bila msahafu. Alisema mkataba wake unakwisha katikati ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na anarudi kwao. Kisha akatueleza kwamba baba yake, tangu apate habari za kusilimu kwake, ameandika barua moja tu. Aliandika kwamba mtoto anayesali kwa watu wengine aende akawe mtoto wa watu hao. Yeye hakutaka kuificha dini yake mlangoni kwa baba yake. Alitaka kuingia amevaa kofia, lakini iwe kofia ambayo mzee akiiangalia ataona kitu cha nyumba yake mwenyewe.

"Dada," akasema kwa pazia, "unaweza kushona mbwa wa moto?"

Mume wangu alipaliwa na chai.

Akatusimulia. Kwao husemwa iko nchi ya giza, na mfalme wake amechoka na giza. Hufuga mbwa wakubwa wenye moto kinywani. Humtuma mmoja akamletee jua. Mbwa huruka, hulikamata jua kwa meno, likamchoma, akalitema. Akirudi mikono mitupu, mfalme humgombeza na kumtuma mwezi. Mwezi nao ni baridi, meno yanamganda, akautema. Basi mfalme humtuma tena kwenye jua, tena kwenye mwezi, na mbwa hakatai hata mara moja. Pale anapong'ata ndipo watu huona jua au mwezi umeingia giza. Baba yake alimsimulia hayo akiwa mdogo, amembeba mgongoni wakati wa theluji, na baba naye aliyapata kwa mama yake.

Mume wangu alisema Riyadh mwezi wa saba mbwa huyo asingejaribu hata mara moja. Yule kijana alicheka, lakini kicheko kilikatika haraka, nikajua neno lile limemkaa moyoni.

Nilimwambia kwanza lililo wajibu wangu kumwambia, kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa sababu ya mnyama wala kwa kufa au kuzaliwa kwa mtu. Akajibu kwamba anajua, na mwezi ulipopatwa mwaka jana alisimama safu ya pili msikitini. Hakuamini habari ya mbwa. Alikuwa anamtafuta baba yake. Nikamwambia la pili, kwamba mimi sishoni sura ya kitu chenye roho, na mbwa juu ya kofia ya sala ndiyo kabisa.

"Mbwa mafi?" akauliza kwa unyonge.

"Mafi," nikasema. "Lakini nipe siku chache."

Siku zile chache zilikuwa kumi na moja. Nilichora, nikafuta, nikachora. Nilijiuliza, kama mbwa hawezi kuwamo, kipi cha mbwa kinaweza kuwamo? Unyayo nikaukataa, mkia nikaukataa. Siku ya kumi na moja nilikuwa nala mkate, nikauangalia pale nilipouma. Mkate ule ulikuwa wa duara, na alama ya meno yangu ilikuwa pembeni mwake. Nani asiyejua kwamba hapo pamepita mtu? Mtu mwenyewe hayumo katika mkate, ila alama yake imo.

Mume wangu aliporudi nilimpa mkate mzima, mkubwa, wa moto, nikamwambia aung'ate mara moja kwa nguvu kisha anirudishie.

"Kwa nini?"

"Nataka kuona meno."

Akang'ata. Nikauweka juu ya karatasi na kuuzungushia penseli. Mdomo wake ulitoa pengo dogo, nikamwomba ang'ate tena kwa kutanua zaidi. Aliuliza, kwani yeye ndiye mbwa mwenyewe? Nikamwambia leo ndiye. Tulikula mikate mitatu siku ile, kwa sababu chakula hakitupwi.

Basi nakshi ikawa hivi. Duara la juu ni jua, safu saba za vitobo zinazozungukana, na upande mmoja lina pengo la meno. Kwenye ukanda nikapanga miduara midogo kumi na miwili, jua na mwezi, jua na mwezi, na kila mmoja umeng'atwa mahali tofauti, ili anayeizungusha kofia mkononi aone kwamba mbwa amekwenda na kurudi, amekwenda na kurudi. Niliueleza mchoro ule nyuma ya pazia. Yule kijana akasema baba yake ataelewa.

Nilitoboa Shaabani yote na Ramadhani yote. Nilikaa dirishani kuanzia Adhuhuri, mwanga ukiwa mweupe, na nilikuwa nikimtaja Mungu kwa kila kitobo kama nilivyofundishwa na mama. Siku za mwisho za Ramadhani kazi ilikwisha. Nikaifunga, nikampa dereva.

Hapa nakiri kosa langu. Katika kaseti niliyomtumia wifi sikumweleza kitu. Niliogopa akisikia neno mbwa ataitupa kazi nje ya dirisha. Nilisema tu, "Unganisha kama kawaida," nikaendelea na habari za watoto.

Kofia ilirudi baada ya Idi, imeunganishwa, imepigwa pasi, na kaseti ndani yake. Niliiweka kaseti kwenye redio kabla ya kufungua karatasi.

"Wifi, asalaamu alaykum," alisema. "Kofia nimeipata. Naona Riyadh joto limekula macho yako. Jua lina pengo utafikiri limeliwa na mende, na huko pembeni ndiyo usiseme, hakuna duara hata moja zima. Nimekaa siku nne nimekuzibia yote. Hata wewe mwenyewe hutajua ni wapi. Usinishukuru, Mungu atanilipa. Na huyo mwenye kofia mwambie aivae kwa raha zake."

Nikafungua karatasi. Jua lilikuwa zima. Lilikuwa zuri, safu saba hazina dosari, kazi ambayo wifi peke yake angeweza. Kila pengo lilijazwa vitobo. Na kitobo kikishatobolewa kwenye bafta ndiyo basi, unaweza kufumua uzi lakini tundu halifungiki. Mume wangu aliichukua kofia, akaigeuza, akaniuliza mbwa amekwenda wapi. Aliponiangalia usoni akaacha utani.

Zilibaki siku ishirini na mbili. Kazi ile ilinichukua miezi miwili. Yule kijana angepitia Makka kufanya umra, kisha apande ndege Jedda. Mume wangu alisema kwa upole kwamba nimwambie ukweli, na achukue hii nzima, ni kofia nzuri. Nilijibu kwamba kofia nzuri anaweza kuinunua sokoni. Hii anaivaa akigonga mlango wa baba yake. Nikakata bafta mpya usiku uleule, na asubuhi nikapanda basi kwenda Jedda, mume wangu pamoja nami.

Njiani niliitazama kofia ile tena na tena, na hasira ikanitoka taratibu. Kama mwenye jicho kali kuliko sote aliona kosa, basi mimi sikushona meno. Niliacha nafasi tupu tu, nikadhani watu wataona ninachokiona mimi. Pengo lilihitaji ukingo wake. Nilichora ndani ya basi, mkono ukiruka kwa kila shimo la barabara. Kwenye mpaka wa pengo niliweka safu ya vitobo vidogo, vimebanana, vyenye ncha kama meno, hata mtu asiseme vimesahauliwa.

Wifi alinipokea kwa furaha. Nilipomweleza, furaha ikaisha.

"Mbwa?" akasema. "Kwenye kofia ya sala?"

"Hakuna mbwa, wifi. Yuko wapi?"

"Si hapa alipong'ata."

"Alipong'ata si mbwa."

"Usinichezee. Miye nimeziba siku nne, mgongo unaniuma mpaka leo, kumbe naziba mdomo wa mbwa." Akavua miwani. "Na wewe ungeniambia, ungepungukiwa nini?"

Nilimwomba radhi, na nilimwomba kwa kweli.

Hakutaka kugusa sindano mpaka baba yangu aseme. Tukaenda kwa baba, ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri, akapitisha kidole chake juu ya mchoro. Aliuliza roho iko wapi hapo, nikasema hakuna. Aliuliza kama huyo kijana anaamini jua huliwa na mbwa, nikasema haamini, alisimuliwa na baba yake akiwa mgongoni. Baba akanirudishia karatasi.

"Kuna mtu anataka kurudi kwa mzazi wake na ninyi mnabishana," alisema. "Kashoneni."

Tulikaa siku kumi na tisa, mimi na duara, wifi na ukanda. Kwake ilikuwa taabu kuliko kwangu. Mkono wake haukuwahi kuacha duara wazi maisha yake yote, na kila alipofika ukingo wa pengo, sindano ilitaka kuendelea yenyewe. Mara mbili alitoboa kitobo kisichotakiwa, na mara mbili tulikata ukanda mpya na kuanza upya. Mara ya pili aliuweka chini, akanawa, akasali rakaa mbili, akarudi. Sikumsikia akilalamika. Alisema tu kwamba mbwa huyu mjinga kweli, anachomwa kila siku na kila siku anakwenda, na baada ya muda akasema labda si mjinga. Vidole vyetu vilitoka damu, tukavifunga kitambaa ili bafta isichafuke. Majirani walioingia walimwuliza anashona nini, naye akawajibu kwa ukali kwamba anashona meno, kwani hawaoni?

Nilipomsikia hivyo nikajua safari hii yataonekana.

Tulimaliza siku mbili kabla ya ndege. Yule kijana alikuja kwa wifi kutoka Makka, kichwa kimenyolewa, akakaa na mume wangu chumba cha mbele. Mume wangu akampa kofia. Nyuma ya pazia mimi na wifi tulishikana mikono kama wasichana. Tulisikia anaizungusha, kidogo kidogo, mduara hata mduara. Kisha akatuombea dua, kwa Kiarabu kile cha ghalani, na sehemu nyingine kwa lugha yao ambayo hatukuijua.

Miezi ikapita, Mfunguo Tatu, Mfunguo Nne, Mfunguo Tano, bila habari. Nilikuwa nikimtaja katika kila sala yangu, yeye na baba yake. Wifi katika kaseti zake aliuliza kwanza habari ya "mzee wa meno" kabla ya kuuliza habari za ndugu yake. Nilianza kufikiri kwamba tumeshindwa, na nikajiambia kwamba juhudi ni yetu na matokeo ni ya Mungu.

Ndipo ikaja kaseti, imetumwa kwa ghala la Wakorea, na mmoja wao akaileta mlangoni. Ndani yake yule kijana alisema hivi, nami naandika maana yake, kwa sababu maneno yalikuwa ya kuvunjika. Alifika. Baba yake alifungua mlango, akaiona kofia, akageuka ndani bila neno. Hakumfukuza na hakumkaribisha. Siku tisa walikula meza moja bila kusemezana, na kila kijana aliposali, mzee alitoka nje akaenda kusimama uani kwenye baridi. Yeye hakuivua kofia ila akinawa, na hakuacha kumpa baba yake salamu asubuhi na jioni, ijibiwe isijibiwe. Siku ya kumi alitoka kunawa akamkuta mzee yuko dirishani, ameishika kofia, anaizungusha, kidole kinafuata meno. Mzee alisema, bila kugeuka, kwamba aliyeshona hii hajawahi kumsikia mama yake yeye mzee. Mbwa wa mama yake alikuwa na mdomo mkubwa zaidi. Mdomo huu mdogo, ni mdomo wa mtu.

Mume wangu aliposikia hapo alisimamisha redio, akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu mdomo ulikuwa wake.

Kisha, kijana akasema, mzee akaketi, akamsimulia tena hadithi yote tangu mwanzo, jinsi inavyotakiwa, ili siku nyingine watu wasikosee. Alimaliza wakati wa chakula, akamwuliza sasa anasali upande gani, maana chumba kile kina upepo, afadhali asalie cha kaskazini.

Mwisho wa kaseti kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya mzee, maneno machache. Yule kijana akayatafsiri. Baba yake anauliza kama hao wanawake wanaweza kushona tena, na mdomo uwe mkubwa.

Nilichukua penseli siku hiyohiyo. Duara lilikwisha kwa miezi miwili, na nililituma kwa wifi pamoja na maelezo marefu ambayo alinijibu hakuyahitaji. Kofia ile hakuitaka ya kusalia, mzee wa watu, hakusilimu kwa ninavyojua, na kwa Mungu ndiko kuliko na mambo ya mioyo. Aliitaka aiweke ukutani. Tulimshonea kwa uangalifu uleule.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wazazi wako. Kama wako hai, akulainishie njia ya kuwaendea, na kama wametangulia, aifanye dua yako nuru kwao. Akupe kazi ya mikono yako, akupe na subira ya kuianza upya inapoharibika, na akufungulie mlango uliosimama mbele yake. Amina.